Panya Aliyefunzwa Adabu

Kanuni ya Tatu ya Kikosi cha Panya ilibandikwa kwenye mlango wa hema letu, herufi kubwa, rangi nyekundu, ili hata mjinga aione: PANYA HALISHWI NJE YA KAZI. Mimi niliiona. Niliisoma kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki. Ila kanuni zile ziliandikwa na watu wanaokula mezani, kila mtu na sahani yake, ambao hawajawahi kukaa kwenye handaki na kiumbe kinachoutazama mkono wako ukishuka kwenye sufuria na kupanda mdomoni.

Naitwa Pazi Mkude, praiveti, Kituo cha Nne. Kazi yangu mtunza panya. Nyumbani nilikuwa nimesema niko kitengo cha teknolojia. Mama alipoujua ukweli aliniuliza kwenye simu, "Kidato cha nne chote kile, mwanangu, kwa ajili ya panya?"

Si panya wa darini lakini. Hawa ni buku, wanene kama paka, mkia kama mjeledi, macho mabovu, na pua ambayo sijui Mungu alikuwa anawaza nini alipoiumba. Buku ananusa bomu lililofukiwa ardhini kama wewe unavyonusa samaki wa jirani. Tena ni mwepesi. Akilikanyaga, bomu halina habari naye. Akilinusa anaparua udongo kwa mikono miwili, kama mtu anayetafuta ufunguo ulioangukia mchangani. Wewe unabofya kidude, kinalia tak, unampa kipande cha ndizi, unachomeka bendera nyekundu. Mahali ambapo hakuparua ni salama. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na ningeweza kumfundisha hata mjomba wangu ambaye hafundishiki.

Wangu aliitwa Shangazi. Alikuwa na jina la serikali, herufi na tarakimu, ila ukimwita hilo hageuki. Kituo kizima kilimwamkia. Wakati wa jua tulimpaka mafuta masikioni asiungue, na kulikuwa na foleni ya wanaotaka kumpaka.

Sasa, kuhusu Kanuni ya Tatu. Siku ya kwanza nilimrushia punje moja ya karanga. Nikajiambia huku si kumlisha, ni kuondoa nuksi. Kwetu mtu akikukuta unakula unamkaribisha. Akikataa, sawa, umetimiza wajibu. Tatizo Shangazi hakukataa. Kesho yake nilipofungua tu mkebe, akaanza kuparua turubai mbele yangu, parua parua, utadhani kuna bomu ndani ya maharage. Hapo ndipo nikaudhika. Nikazifunika karanga kwa kiganja, nikamwambia, "Mwenye adabu haombi, Shangazi. Anakaa, anasubiri kukaribishwa."

Akiparua, nafunika. Akitulia, nafunua. Siku nne zilitosha. Akajifunza kuketi kwa makalio, mikono ameikunja tumboni, uso ameugeuzia pembeni kama mgeni asiyetaka ijulikane kwamba ana njaa. Hagusi kitu mpaka niseme karibu. Wenzangu walicheka hadi wakajilaza chini, na nikawa nafanya maonyesho kila mchana baada ya kazi. Nilijiona fundi.

*

Asubuhi ya siku ya kuvuka, Sajini Hokororo alikuja kutoka Kituo cha Tano kuomba bendera za kijani za kuwekea mipaka ya njia. Ilikuwa saa tatu kasoro. Mapigano yalikuwa yamesitishwa tangu alfajiri, na yangeanza tena saa saba mchana. Hivyo ndivyo wakubwa wa pande mbili walivyokubaliana. Katikati ya hapo, saa nne kamili, vituo vyote tisa vingefungua njia kwa pamoja, na watu wa mabonde tisa wangevuka uwanja wa mabomu kwenda upande ambao mizinga haifiki. Mabomu yale yalikuwa ya plastiki tupu, kifaa cha kupimia chuma hakiyaoni. Pua tu.

Hokororo ni mtu wa kusini, mrefu, mkavu, hacheki. Kikapu chake kilining'inia kifuani kama kanuni inavyotaka, na ndani yake alikuwemo panya wake, Kamishna.

"Shikamoo, Sajini," nikasema. "Mbona Kamishna amenona hivyo? Tunasikia kwenu panya haponi. Unamfuga au unamnenepesha?"

"Marahaba. Wa kwetu tunamla," akajibu. "Huyu wa serikali ana nyaya. Zitakukwama kooni, wewe Mluguru uliyezoea ndizi."

Watu wakacheka. Nikamsogezea kikombe cha chai na muhogo wa kuchemsha. Akakaa juu ya sanduku la risasi, akamtoa Kamishna, akamwekea karanga zake za asubuhi, zile halali za baada ya kazi. Kamishna hakuzigusa. Aliketi kwa makalio. Akakunja mikono tumboni. Akageuza uso pembeni.

Hokororo akashusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na mkwe. Akachukua punje moja, akaitafuna yeye kwanza, akasema, "Haya, karibu bwana." Kamishna akala.

"Wiki nzima kazi ndiyo hii," Hokororo akasema. "Na si yeye tu, panya wote wa kituo changu. Nani kawafundisha sijui. Labda serikali imeanza kununua panya wenye asili ya mwambao."

Watu wakacheka tena. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikaitazama tena ile mikono ya Kamishna.

Kamishna hajawahi kumwona Shangazi. Kati ya Kituo cha Nne na cha Tano kuna kilomita kumi na nane na mto.

Ila kuna kipele. Nyuma ya sikio la kila buku wa kikosi kuna kidude kidogo kama punje ya mtama, kimepandikizwa chini ya ngozi. Jina lake kamili linajaza mstari mzima, sisi tunasema kipele. Panya akilala, kipele kinapeleka alichojifunza siku hiyo kwenye sanduku lililo ndani ya gari la kapteni. Sanduku linachuja, linapandisha kwenye puto lililofungwa juu ya mlima, na puto linawamwagia panya wote wa vituo tisa usiku kucha. Anachojifunza mmoja leo, sitini na tatu wanakijua kesho asubuhi. Bunge gani linaweza hivyo? Na sanduku halisikilizi panya wote kwa usawa. Kila mwezi linachagua mmoja aliyefanya vizuri kuliko wote, linamwita Mwalimu, na neno lake lina uzito wa kumi.

Mwezi ule Mwalimu alikuwa Shangazi. Nilikuwa nimeandika kwa chaki kwenye kikapu chake: MWALIMU, MSIPIGE KELELE.

"Sajini," nikasema. "Kamishna anaparua siku hizi?"

"Kuparua? Ameacha. Hakuna cha kuparua. Njia yangu yote mita mia nane, kijani tupu. Hukusikia kapteni alivyopongezwa? Adui ameishiwa mabomu."

Kila kituo kilikuwa kinasema hivyo kwa siku tano. Adui ameishiwa mabomu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema hivyo, nikaongeza na utani juu yake.

*

Nyuma ya mahema kuna kiwanja cha mazoezi, na ndani yake makopo yenye baruti isiyo na kiwashio, yamefukiwa kiganja kimoja chini. Najua yalipo kwa sababu niliyafukia mimi. Nilimfunga Shangazi kamba yake, nikamweka mwanzoni mwa mstari, nikaitazama saa yangu ya mkononi. Kwenye saa hiyo njia inajichora yenyewe kipele kinapotembea: kijani pote, nyekundu pale alipoparua. Kipele kinahesabu kuparua tu. Mengine yote kwake ni kutembea.

Niliomba, na mimi si mwombaji. Parua, Shangazi. Parua hata mara moja, nikuombe radhi.

Alitembea pua chini, masharubu yanatetema. Akafika kwenye kopo la kwanza. Nilijua amelinusa maana mkia wote ulisimama. Kisha akaketi kwa makalio, akakunja mikono tumboni, akageuza uso pembeni.

Akasubiri.

Kwenye saa yangu, kijani.

Sijui nilisimama hapo muda gani. Nilichokuwa nakiona si kopo. Nilikuwa naiona njia yetu wenyewe, juzi, jua la saa mbili, mimi nyuma ya kamba napiga mluzi. Shangazi alikaa katikati ya njia. Nikasema, "Umechoka, bibi? Twende," nikavuta kamba. Mbele kidogo akakaa tena. Nikavuta. Karibu na mwisho akakaa mara ya tatu, akanigeukia kabisa, na mimi nikamwambia chai inapoa.

Mara tatu. Wala sikuweza kukumbuka hata sehemu moja ilikuwa wapi.

Saa ilisema saa tatu na dakika ishirini na sita. Ng'ambo ya mahema nilisikia watu wa bonde letu wanapangwa mstari: kuku wanalalamika kwenye matenga, mama mmoja anamwambia mtu aache kusukumana, kwani anakwenda kuoa?

Nikuambie ukweli, nilitafuta mlango wa kutokea. Ningeweza kusema Shangazi anaumwa, njia yetu isimamishwe, basi. Bonde letu lingepona, mimi ningepona, yeye angepona. Na vituo vingine? Nilijibu moyoni kwamba huenda panya wa vituo vingine wanaparua kidogo. Nikakumbuka mikono ya Kamishna ilivyokunjwa tumboni, kidole juu ya kidole, vilevile nilivyomfundisha wangu.

Nikamtia Shangazi kikapuni, nikakimbia.

*

Kapteni Tumpe Mwaisaka ni mwanamke wa nyanda za juu, na hata kwenye jua lile la kukaanga mayai alivaa sweta. Kabla ya vita alikuwa anafundisha biolojia. Mitambo ya kipele aliisimika yeye. Nilimkuta ndani ya gari lake mbele ya sanduku, anakunywa uji, na Hokororo amesimama mlangoni na bendera zake kwapani anaaga.

"Afande," nikasema, "nadhani adui ameingilia kipele."

Aliweka kikombe chini. "Umejuaje?"

"Panya hawaparui. Hata kwenye makopo ya mazoezi."

"Wanafanya nini?"

"Wanakaa."

"Wanakaaje?"

Hapo uongo wangu ulifika mwisho wa barabara. Ungetakiwa uongo mwingine, na yule mama alikuwa ananitazama kama anavyotazama daftari la mwanafunzi aliyenakili. Nikafungua kikapu. Nikatoa karanga moja mfukoni, nikaiweka juu ya meza. Shangazi akashuka, akaketi, akakunja mikono.

"Nilimkataza kuomba chakula," nikasema. "Alikuwa anaparua akitaka karanga. Nikamfundisha asiparue. Akae, asubiri kukaribishwa."

Hokororo aliziachia bendera zikaanguka moja moja.

"Kwa hiyo kwenye bomu," kapteni akasema polepole, "harufu inamwambia chakula kinakuja. Na kwa chakula, haparui."

"Anaona ni utovu wa adabu, afande."

"Tangu lini?"

"Siku kama tisa. Ila amekuwa Mwalimu siku sita zilizopita."

Yeye hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinyanyua redio akaanza kuviita vituo. Cha Kwanza, kikaitika. Simamisha, mtu yeyote asiingie njiani, panya akikaa ni bomu, narudia, akikaa. Cha Pili. Cha Tatu. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshasimamishwa, koplo wetu alisikia redio, nilimwona dirishani anawarudisha watu nyuma na kuku wao. Cha Tano, cha Sita, cha Saba, cha Nane. Huyu wa Nane alitaka arudiwe mara mbili, akadhani anataniwa.

Cha Tisa hakikuitika.

"Cha Tisa wako bondeni," Hokororo akasema. "Redio yao inashika wakipanda juu ya jiwe. Hupanda saa mbili kuripoti, na saa nane."

Saa mbili ilishapita. Saa nane ilikuwa mbali kama Krismasi.

"Pikipiki?" nikauliza.

"Mwendo wa saa tatu. Na daraja halipo."

Kapteni aliita tena. Redio ikakoroma tu. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

"Afande, puto linawafikia," nikasema. "Panya wao wanapata kila kitu. Tuwafundishe kuparua upya, sasa hivi."

"Kufundisha kunachukua usiku mzima, Mkude. Ni kumimina maji kwenye chupa yenye shingo nyembamba." Alivuta droo, akatoa kisahani cha kioo chenye alama mbili za vidole. "Kuna amri moja tu inayofika papo hapo. Hiyo haimimini. Inaipiga chupa teke."

Nilikijua kile kisahani. Tulionyeshwa mafunzoni, tukaambiwa hakitatumika. Ni cha Kufuta. Kiliwekwa ili adui akiteka panya asijifunze tunachokijua. Ukikibonyeza, puto linavifuta vipele vyote kwa pamoja, huwezi kuchagua kituo. Kila kipele kinapiga yowe moja refu, na kanuni ambayo hata kuruta anaijua inasema ukisikia yowe hilo, njia zote zimefungwa, simama ulipo. Panya mwenyewe anaanguka. Kati ya kumi huamka mmoja, na huyo mmoja haijui hata ndizi.

"Subiri," Hokororo akasema. "Subiri kwanza, afande. Mimi nina watu mia mbili na arobaini pale Tano. Sasa najua kosa liko wapi. Nikirudi na panya wangu, akikaa nachomeka bendera, saa mbili na nusu zinatosha, wamevuka. Ukiwafuta nitawapitisha na nini? Pua yangu hii?"

"Kwa vijiti, mkichomachoma udongo," kapteni akasema.

"Vijiti. Mita mia nane kwa vijiti kabla ya saa saba. Afande, unajua na mimi najua. Saa saba mizinga inaanza, na watu wangu wamekaa uwanjani na mabegi. Vituo vinane hivyo. Cha Tisa kina watu wangapi?"

"Mia na themanini."

"Basi piga hesabu."

"Ninaipiga, Sajini," akasema kapteni. "Kwani wewe unadhani nafanya nini?"

Alikibandika kidole chake kwenye alama ya kwanza. Taa ndogo ikawaka njano. Kisha akakisukuma kisahani upande wangu.

"Cha pili ni cha mtunzaji wa Mwalimu," akasema. "Waliotunga walitaka vidole viwili ili asiwepo mmoja wa kuamua peke yake. Changu kiko hapo. Chako sikiamrishi."

Jeshini nimelalamika kuamrishwa tangu siku ya kwanza. Kuamka, kunyoa, kukimbia, kunyamaza. Siku hiyo ningepiga magoti niamrishwe.

"Afande, niamuru tu."

"Hapana."

"Mkude," Hokororo akasema. Alinisogelea, akainama uso wake ukawa sawa na wangu, na sikuwahi kumsikia akisema taratibu vile. "Mdogo wangu. Pale Tano kuna bibi ana miaka themanini na kitu, amekuja amebeba mlango wa nyumba yake kichwani. Nimemuuliza mlango wa nini, akasema nyumba nyingine nitajenga, mlango kama huu sipati. Nimemwahidi leo anavuka. Hao wa Tisa labda wamechelewa kupanga watu. Labda wanapanda jiwe sasa hivi. Subiri dakika tano."

Nikasubiri. Nakiri, nilisubiri. Redio ilikoroma. Shangazi alikuwa bado juu ya meza, mbele ya karanga yake, hajaigusa, masharubu yanatembea. Saa nne kasoro dakika tisa. Kasoro nane. Kapteni alikuwa anaita Kituo cha Tisa kwa sauti ileile moja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua hamna watu.

Nikajaribu kuipiga ile hesabu. Ilikataa kukaa sawa. Kila nilipoweka mia na themanini upande mmoja na vituo vinane upande wa pili, mizani ilikwenda kwa Hokororo, haraka, bila mjadala. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuingia kwenye mizani. Watu wa vituo vinane walikuwa wamesimama nyuma ya kamba, wameambiwa ukweli: njia hatuijui. Wataogopa, watatutukana, watachimba mahandaki, watasubiri nasi kwenye vijiti. Wa Tisa walikuwa wameonyeshwa kijani. Walikuwa wanakifunga kitenge mgongoni na kumwambia mtoto usiogope, wanajeshi wamepima. Na kijani kile nilikipaka mimi, kwa karanga, nikicheka.

"Sajini," nikasema, "wako wanajua kwamba hatujui."

"Kujua hakuzuii mzinga."

"Najua."

"Basi?"

"Basi hivi, kaka. Hawa wa Tisa wanatembea kwa neno langu."

Hokororo alinyooka. Hakunizuia. Angeweza, ana mikono mara mbili ya yangu. Aligeuka tu akatazama nje.

Nilimchukua Shangazi nikampakata. Alikuwa na joto, moyo wake unakwenda mbio kama kawaida yao, wao mioyo yao haijui mwendo mwingine. Nilitaka kusema neno la maana. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nilikosa hata la utani. Nikaweka kidole.

Yowe lilitoka ndani ya mikono yangu. Lilikuwa jembamba na refu, na kutoka kikapuni kwa Hokororo likatoka la pili, na kutoka kwenye mahema yetu ya panya yakatoka sita mengine, yote kwa sauti moja, mpaka kuku wa wavukaji wakanyamaza. Shangazi alijinyoosha mara moja kama anayeamka usingizini. Kisha akawa mzito. Sijui kiumbe kinawezaje kuongezeka uzito namna ile bila kuongezewa kitu.

Hokororo alifungua kikapu chake, akaangalia, akakifunga. Akatoka nje bila kuaga.

Saa nne kasoro dakika saba. Kasoro sita. Kapteni hakuita tena. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya meza na kuitazama redio. Mimi nilikuwa nahesabu masharubu ya Shangazi, nikifika kumi na moja naanza upya, kwa sababu kama hawakusikia, kama vikapu vilikuwa hemani na watu njiani, basi nilikuwa nimeua panya sitini na tatu na kuyafunga mabonde manane bure, na bado wale wanatembea.

Redio ikakoroma. Ikakohoa.

"Kituo cha Tisa hapa," ikasema sauti ya mwanamke, anahema kama aliyepanda kitu kwa kukimbia. "Nani ananisikia? Panya wetu wote saba wamepiga yowe na kuanguka. Kuna nini? Tulikuwa tumeshaanza. Watu walikuwa na haraka, tulifungua mapema dakika kumi. Nimesimamisha kila mtu. Wengi bado wako nyuma ya kamba, ila kuna mzee mmoja ameingia hatua kumi na moja. Nilipopiga kelele simama alikuwa ananyanyua mguu, akabaki nao juu. Ameegemea fimbo yake. Anauliza auweke wapi."

Kapteni alinisukumia redio. Sikujua kama ni adhabu au ni heshima, na sikuwa na muda wa kuuliza.

"Mwambie asiuweke mbele," nikasema. "Nyuma yake kuna unyayo wake mwenyewe. Arudishe hapohapo, ndani ya alama ileile. Ardhi iliyombeba akienda itambeba akirudi. Mmoja mmoja. Asigeuke."

Nikamsikia anapiga kelele bondeni, maneno yangu kwa lahaja ya kule. Upepo kwenye redio.

"Ameuweka," akasema.

Nilikuwa sijavuta pumzi. Nikavuta.

"Mhesabie," nikasema. "Kila hatua nihesabie."

"Kumi."

Nje nilisikia panga. Nilichungulia mlangoni. Hokororo alikuwa ameshavua shati, anakata vijiti kwenye kichaka, vyembamba, vya urefu wa mkono, anavichonga ncha na kuvirundika. Rundo lilikuwa limeshafika magotini. Baadhi ya wavukaji walikuwa wamevuka kamba kwenda kumsaidia, na koplo wetu hakuwazuia.

"Tisa," ikasema redio.

Hokororo alinyanyua kichwa akaniona. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa jasho au kwa nini. Alishika kijiti kimoja, akanitupia, kikaangukia kizingitini karibu na miguu yangu.

"Ukimaliza na huyo mzee, njoo ushike mstari," akasema. "Wewe utatangulia."

"Nane," ikasema redio.